Simulesheni ya SimGrid ikikupa majibu ya ajabu: anza na dalili, kodi iache kwanza

Wakuu, leo tuongee SimGrid, hasa pale inapogoma, na zaidi pale isipogoma ila inakupa namba isiyo na kichwa wala miguu halafu wewe unaichukua unaichorea grafu.

Kwa ambaye hajaigusa, hii ni zana ya kuiga programu zinazofanya kazi kwenye mashine nyingi kwa pamoja, klasta, wingu, mitandao ya rika kwa rika, bila wewe kuwa na hizo mashine. Ilianzia San Diego kwa Henri Casanova, karatasi yake ilitoka 2001, baadaye akina Arnaud Legrand na Martin Quinson wakaibeba na mpaka leo sehemu kubwa ya kazi inafanyika Ufaransa. Haifuatilii pakiti moja moja kama simuleta ya ns-3, inachukua mtiririko mzima wa data na kuukokotoa kwa mlinganyo, ndo maana laptop ya kawaida inaweza kuiga mashine maelfu. Kwetu sisi ambao klasta halisi tunaiona kwenye picha tu hiyo ni nafasi kubwa sana, lakini hiyo milinganyo ina kanuni zake, na usipozijua utadhani programu yako ndo mbovu kumbe ni mzima, au utadhani ni mzima kumbe umeandika biti mahali pa baiti.

Matatizo ya SimGrid nayagawa mafungu mawili, yanayopiga kelele na yaliyo kimya. Yanayopiga kelele yana nafuu, ujumbe upo, unausoma, unatibu. Yaliyo kimya ndo yanaharibu tasnifu za watu. Kwa hiyo ya kelele nitayapitia haraka, ya kimya tutakaa nayo.

Haijengeki au haifunguki

Ukipiga `pip install simgrid` ikaanza kumwaga mistari mekundu, mara nyingi ni kwamba inajijenga kutoka chanzo na mashine yako haina `cmake`, kompaila ya C++ ya kisasa au vichwa vya Boost. Kwenye Ubuntu au Debian njia fupi ni `apt install python3-simgrid` kwa wa Python na `libsimgrid-dev` kwa wa C++. Uko Windows? Usihangaike, weka WSL ufanyie humo ndani. Au chukua kontena la Docker la `simgrid/stable` kama intaneti yako inavumilia kulipakua.

Imejengeka vizuri ila ukiiwasha inasema haioni `libsimgrid.so`: maktaba ipo ila mfumo haujui iko wapi. Piga `sudo ldconfig` au weka folda yake kwenye `LD_LIBRARY_PATH`. Na kama kompaila inalalamika haijui `MSG_task_create` au ndugu zake, basi umenakili mfano wa zamani. MSG ndo ilikuwa njia ya kuandikia miaka ya nyuma, S4U ikachukua nafasi yake, na mifano ya MSG bado imejaa mtandaoni tele, usijaribu kuifufua, andika upya kwa S4U tu, haichukui muda.

Faili la platfomu linakataliwa

Hili faili la XML ndo linaeleza hosti zako (mashine), linki (waya za kuziunganisha) na njia. Likikataliwa angalia juu kabisa toleo lililoandikwa. Mafaili ya zamani yana `AS` mahali ambapo sasa ni `zone`, na ya zamani zaidi yana `power` mahali pa `speed`. Usibadilishe kwa mkono, kuna kifaa kinaitwa `simgrid_update_xml` kinakuja na SimGrid yenyewe, kipe faili kitalipandisha.

Kosa la pili ni la kukosekana njia kati ya hosti mbili. Kama umetumia `routing="Full"` basi kila jozi ya hosti inayoongea lazima uiandikie `route` yake, haijitafutii njia. A kwenda B ipo na B kwenda C ipo haimaanishi A kwenda C ipo. Kurudi ni sawa na kwenda, hiyo inajifanyia yenyewe mpaka uizuie kwa `symmetrical="NO"`. Ukiwa na hosti mia usiandike jozi zote kwa mkono, tumia `cluster`, mstari mmoja unakupa hosti zote na linki zake.

"Oops! Deadlock"

Hii inawatisha watu bure. Simulesheni inasimama, inatoa huo mstari, halafu chini yake kuna orodha ya akta (zile programu ndogo unazoziiga, kila moja kwenye hosti yake) waliobaki: namba ya akta, jina, hosti aliyopo na kitu anachosubiri. Wengi wanaona neno Deadlock wanarudi kwenye kodi kubahatisha, wakati jibu liko kwenye ile orodha. Isome. Nani amebaki? Wote wanasubiri kupokea, au wote wanasubiri kutuma?

Kama wote wanasubiri kupokea, sababu ya kwanza kuichunguza ni jina la sanduku. Kwenye SimGrid akta hawatumiani meseji moja kwa moja, wanaweka na kuchukua kwenye `Mailbox`, na sanduku linaitwa kwa jina. Sasa SimGrid haina sanduku lisilokuwepo, ukiita jina ambalo halijawahi kutumika inakuundia hapohapo bila neno. Mmoja anaandika kwenye `mfanyakazi-3`, mwenzake anasubiri kwenye `mfanyakazi_3`, hakuna onyo lolote, kila mtu yuko kwenye sanduku lake anasubiri milele. Chapisha jina pande zote mbili kwa `this_actor.info(...)` kabla ya kutuma na kabla ya kupokea, utaliona.

Kama wote wanasubiri kutuma, kumbuka `put` inamzuia mtumaji mpaka mwenzake aje kuchukua na meseji ifike. Akta A anamtumia B, na B kwa wakati huohuo anamtumia A, kila mmoja kasimama kwenye `put` hakuna aliyefika kwenye `get`. Mmoja abadilishe mpangilio apokee kwanza, au tumia `put_async` halafu `wait` baadaye. Na hiyo `wait` usiisahau, akta akimaliza kazi yake wakati meseji aliyoituma bado iko njiani inaweza kufia hukohuko na mpokeaji akapata kosa la mtandao ambalo utalitafuta kwenye platfomu siku nzima wakati halipo huko.

Kama amebaki mmoja tu, na ni seva yenye `while True` na `get` ndani, basi kazi ilishaisha na yeye hajaambiwa. Hapa watu wanashauriana `daemonize()`, yani unamtangaza akta kuwa wa nyuma ya pazia, na akta wa kawaida wa mwisho akimaliza yeye anauawa. Inafanya kazi, ila ushauri wangu usiitumie kwa wafanyakazi. Itumie kwa vitu kama mapigo ya moyo, kifaa cha kupima, seva ya majina. Mfanyakazi mtumie meseji ya mwisho aijue siku imeisha, kwa sababu ukimfanya wa nyuma ya pazia, siku bosi atakayomaliza mapema kwa sababu ya hitilafu, mfanyakazi atauawa katikati ya hesabu, simulesheni itaisha vizuri kabisa bila kelele, na muda utakaoupata ni mfupi kuliko ukweli. Umechukua kosa la kelele ukaligeuza la kimya.

Na ukiwa na bosi anayesubiri majibu ambayo hayaji, hesabu. Kazi 100 kwa wafanyakazi 8 hazigawanyiki sawa, wanne wanapata 13 na wanne 12, kama bosi anasubiri 13 kutoka kwa kila mmoja atasubiri sana.

Imeganda lakini hakuna ujumbe wowote

Hii ni tofauti kabisa na ya juu, msizichanganye. Ujumbe wa Deadlock ukitoka maana yake SimGrid inaona kinachoendelea. Ikiganda kimya maana yake umeitoka mikononi. Fungua `top` pembeni uangalie prosesa.

Prosesa iko sifuri: kuna kufuli halisi ndani ya kodi, `threading.Lock` ya Python au `std::mutex` ya C++. Akta wa SimGrid kwa kawaida hawako kwenye thredi tofauti, wanapokezana ndani ya thredi moja, kwa hiyo mmoja akisinzia kwenye kufuli halisi wamesinzia wote, pamoja na yule mwenye ufunguo. Tumia `Mutex` ya SimGrid yenyewe.

Prosesa iko asilimia mia: kuna kitanzi ambacho hakirudi kwa SimGrid, au kinarudi bila kusogeza saa. Mfano wa kila siku ni `while not comm.test()` na ndani hakuna kitu. Kuuliza kwa `test` hakutumii muda wowote wa simulesheni, unauliza mara milioni saa bado iko palepale, na meseji haiwezi kufika kwa sababu saa haisogei. Weka `this_actor.sleep_for(0.01)` ndani ya kitanzi, au tumia `wait`, ni bora zaidi.

Halafu kuna ile ambayo haijaganda, ila haiishi. Logi inaendelea kumwagika na saa inapanda, sekunde elfu, laki, milioni. Hapo una akta anayepiga mapigo ya moyo kila sekunde bila mwisho. Huyo sasa ndo wa `daemonize()`.

Saa haisogei, programu inaisha kwenye sekunde 0

Sasa tunaingia kwenye ya kimya. Programu inaisha, matokeo sahihi, ila `Engine.clock` inasoma sifuri au kitu karibu na sifuri.

Saa ya simulesheni haina uhusiano na saa ya ukutani. `time.sleep(5)` itakupotezea wewe sekunde 5 za maisha yako na simulesheni haitasogea hata kidogo, unataka `this_actor.sleep_for(5)`. Hivyohivyo ukizidisha matriksi mbili kubwa ndani ya akta, kwa SimGrid hiyo kazi haijatokea, kwa sababu haipimi kodi yako (SMPI, sehemu ya SimGrid ya kuwasha programu za MPI, inapima, tutafika). Unatakiwa utangaze: `this_actor.execute(2e9)` yani kazi hii ni flopu bilioni 2 (flopu ni hesabu moja ya namba za desimali), kwenye hosti ya `1Gf`, yani flopu bilioni 1 kwa sekunde, ni sekunde 2.

Meseji nazo ni vilevile, na hapa watu wengi wanateleza. Kwenye `put(data, 1000000)` ile namba ya pili ndo ukubwa, kwa baiti, na ndo pekee inayohesabiwa. Kilichopo kwenye `data` hakihesabiwi kabisa. Unaweza kutuma orodha yenye vitu milioni ukaandika ukubwa 8, itasafiri kama baiti 8. Unaweza kutuma neno moja ukaandika bilioni, litasafiri kama gigabaiti. Kwa hiyo kama matokeo yako yanaonesha mawasiliano hayana gharama, pitia kila `put` uangalie namba ya pili, hasa zile ulizoandika `len(data)` wakati kila kimoja ndani ya orodha ni baiti 8.

Namba ipo, ila si yenyewe

Hapa ndo nataka tukae. Kabla ya kulaumu algoriti fanya jaribio moja: akta wawili, hosti mbili, linki moja, meseji moja. Kokotoa kwa kalamu unategemea nini, halafu washa. Hili jaribio linachukua dakika chache na linakamata karibu kila kosa la platfomu.

Tuchukue linki hii, `bandwidth` (bendiwidi) ni kasi ya kupitisha data na `latency` (latensi) ni muda wa kusubiri mpaka data ianze kufika:

`<link id="l1" bandwidth="125MBps" latency="50us"/>`

Tuma gigabaiti 1, yani baiti bilioni 1. Kwa kalamu: 1,000,000,000 gawanya kwa 125,000,000 ni sekunde 8. Washa SimGrid kawaida, utapata kama 8.66. Mtu anaanza kukuna kichwa, nusu sekunde na ushee imetoka wapi?

Imetoka sehemu mbili. Modeli ya mtandao ya kawaida inaitwa LV08, na inachukulia kwamba TCP, utaratibu wa kawaida wa kusafirisha data kwenye intaneti, haiwezi kutumia zaidi ya 0.97 ya bendiwidi uliyoandika. Hapo umeshafika 8.25. Halafu kuna vile vithibitisho vinavyorudi kwa mtumaji, modeli inavihesabu kama 0.05 ya mtiririko upande wa kurudi, na kwa kuwa linki ya kawaida ni `SHARED`, yani kwenda na kurudi wanagawana bomba moja, mtiririko wako unabaki na 0.97 gawanya kwa 1.05. Fanya hesabu, ni kama 115.5 MBps, na ndo sekunde 8.66. Siyo hitilafu, ni TCP.

Sasa badilisha: tuma baiti 1. Kwa kalamu ni mikrosekunde 50, SimGrid inakupa kama 650. LV08 inazidisha latensi kwa 13.01. Hiyo namba ilipatikana kwa kulinganisha na simuleta za pakiti, inabeba ule uzito wa TCP kuanza polepole. Kama programu yako inatuma meseji ndogondogo nyingi, hii 13 itatawala matokeo yako yote, na kama unachoiga siyo TCP inabidi ujue hilo mapema kabla hujaandika sura ya matokeo.

Namna ya kutenganisha kosa lako na kanuni ya modeli ni kuzima kanuni zote:

`--cfg=network/model:CM02 --cfg=network/crosstraffic:0 --cfg=network/TCP-gamma:0`

Hapo gigabaiti yako inatakiwa itoke kama sekunde 8.00005, sawasawa na kalamu. Ikitoka, platfomu yako ni nzima na tofauti yote iliyobaki ni modeli, rudisha LV08 uendelee na kazi. Isipotoka, tatizo liko kwenye faili lako, na kuna dalili za kukuonesha wapi.

Imetoka mara 8 haraka au mara 8 polepole: biti na baiti. `MBps` yenye B kubwa ni baiti, `Mbps` yenye b ndogo ni biti. Watoa huduma wote wa intaneti wanauza kwa biti, kwa hiyo linki ya gigabiti 1 ni `1Gbps` au `125MBps`, ukiandika `1GBps` umejizawadia linki nane. Ukiona 8 mahali popote kwenye uwiano wa matokeo yako usitafute kingine, anza hapo.

Imetoka tofauti kidogo, kama asilimia 5 hivi: angalia kama umechanganya `MBps` na `MiBps`, ya kwanza inahesabu kwa 1000, ya pili kwa 1024.

Muda unakuwa mara mbili hosti mbili zinapotumiana kwa wakati mmoja: hii ni ile `SHARED`. Kebo nyingi za kisasa zinapeleka na kurudisha kwa wakati mmoja bila kugombania, kwa hiyo weka `sharing_policy="SPLITDUPLEX"` kwenye linki, na kwenye njia useme upande, `direction="UP"` au `"DOWN"`. Binafsi naona hili ndo kosa linalopotosha zaidi kuliko yote kwa wanaolinganisha algoriti za kubadilishana data, kwa sababu linaadhibu algoriti zinazotuma pande mbili kwa pamoja na kuzibeba zile za upande mmoja, yani linakugeuzia mshindi. Na ukibadilisha utaona ile 8.66 inakuwa 8.25, maana vithibitisho sasa vina njia yao.

Umeongeza bendiwidi na muda haubadiliki: hii inauma hasa kwa wanaoiga masafa marefu. Tuseme unaiga seva iko Dar es Salaam na klasta iko Ufaransa, linki `10Gbps`, latensi ya upande mmoja umeweka `75ms`. Unatuma data, kasi inagota 28 MBps. Unapandisha linki iwe `100Gbps`, bado 28. Sababu ni `network/TCP-gamma`, dirisha la TCP, ambalo kwa kawaida ni baiti 4194304. Mtumaji hawezi kuwa na data isiyothibitishwa njiani kuzidi hapo, kwa hiyo kasi ya mtiririko mmoja haizidi gamma gawanya kwa latensi mara mbili: 4194304 gawanya kwa 0.15, ndo hiyo 28 MBps. Kwenye klasta yenye latensi ya mikrosekunde 50 kikomo hicho kiko juu mno huwezi kukiona, ila ukivuka bahari kinakukamata shingoni. Na ni kitu cha kweli kabisa, mtiririko mmoja wa TCP kutoka kwetu kwenda Ulaya unapata shida hiyohiyo. Ukitaka thamani ya mashine halisi piga `sysctl net.ipv4.tcp_rmem` na `tcp_wmem`, chukua namba ya mwisho. Au fungua mitiririko kadhaa kwa pamoja, kila mmoja una dirisha lake, wanaohamisha data kubwa ndivyo wanavyofanya.

Mitiririko miwili iko kwenye linki moja lakini hawagawani sawa: angalia latensi za njia zao nzima. Mwenye njia ndefu anapata kidogo, modeli inafanya hivyo makusudi kwa sababu TCP ndivyo ilivyo.

Hosti ina viini 8 na kazi haijawa haraka: `speed` ni ya kiini kimoja, na `execute` moja inakaa kwenye kiini kimoja. Ukiandika `speed="1Gf" core="8"` kazi ya flopu bilioni 8 ni sekunde 8 palepale. Igawe kwa akta 8. Na msiandike `3Gf` kwa sababu prosesa ina GHz 3, hizo ni vitu viwili, pima kodi yako kwenye mashine halisi, ujue inafanya flopu ngapi kwa sekunde, weka hiyo.

Inakwenda vizuri ikiwa ndogo, inakufa ikiwa kubwa

Kila akta ana staki yake (kumbukumbu ya fankisheni zake), kwa kawaida MiB 8. Kwenye C++ ukitangaza ndani ya fankisheni `double a[2000000]` hizo ni baiti milioni 16, imepasuka, unapata `Segmentation fault` bila maelezo. Hamishia kwenye `std::vector`.

Inakufa ukikaribia akta elfu 30 na kitu, na kumbukumbu bado ipo: hapo ni Linux. Kila staki ina ukurasa wa ulinzi pembeni, kwa hiyo kila akta anakula ramani mbili za kumbukumbu, na Linux kwa kawaida inaruhusu 65530 kwa programu moja. Piga `sudo sysctl -w vm.max_map_count=500000`. Kama huna ruhusa ya sudo, `--cfg=contexts/guard-size:0` inaondoa ulinzi, ila fanya hivyo baada ya kuwa na uhakika staki hazifuriki, maana ukiondoa mlinzi zikifurika zitaandika juu ya jirani. Kupunguza staki yenyewe ni `--cfg=contexts/stack-size:256`, kipimo ni KiB.

Kila ukiwasha matokeo yanabadilika

Ukiandika kwa S4U hii haitakiwi kutokea. Faili lilelile, kodi ileile, namba inatakiwa iwe ileile mpaka desimali ya mwisho. Ikibadilika kuna kitu cha nje kimeingia: bahati nasibu bila mbegu, saa halisi, au kwenye C++ unapitia seti iliyopangwa kwa anwani za kumbukumbu ambazo hubadilika kila mara. Weka mbegu, panga kwa jina.

Ukiwa kwenye SMPI ni habari nyingine. Hapo unachukua programu halisi ya MPI (kiwango cha programu kutumiana meseji kati ya mashine), unaikompaili kwa `smpicc`, unaiwasha kwa `smpirun`, na SimGrid inapima muda halisi ambao kodi yako imetumia kwenye laptop kati ya meseji na meseji. Laptop ikiwa kwenye betri, kivinjari kimefunguka na vichupo thelathini, vipimo vitayumba. Funga vitu, chomeka umeme, au acha kupima kabisa: `--cfg=smpi/simulate-computation:no` halafu utangaze kazi mwenyewe kwa `smpi_execute_flops`.

Na hapohapo kwenye SMPI kuna onyo moja ambalo watu wanalipita, linalosema hujaweka nguvu ya mashine inayoendesha simulesheni. Msilipite. Bila `--cfg=smpi/host-speed` inachukua flopu 20000 kwa sekunde. Maana yake kodi yako ikitumia sekunde 1 nzima ya laptop, inahesabiwa flopu 20000, na kwenye hosti ya `1Gf` hizo ni sekunde 0.00002. Hesabu zote zimekuwa bure, imebaki gharama ya mtandao tu, na grafu yako itasema programu inabanwa na mtandao kwa asilimia karibu mia. Inaonekana ugunduzi kumbe ni mpangilio mmoja haujawekwa. Chukua kipande cha kodi ambacho unajua kina flopu ngapi, pima muda wake kwenye mashine yako bila SimGrid, gawanya, weka hiyo namba.

Kumbukumbu ikijaa kwa SMPI, kwa mfano wanachama (michakato ya MPI) 1000 kila mmoja na matriksi yake, badilisha `malloc` za hizo matriksi ziwe `SMPI_SHARED_MALLOC`, wote watatumia kipande kimoja. Majibu ya hesabu yatakuwa takataka maana wanaandikiana juu, ila muda utabaki sahihi, ilimradi kodi yako haiamui njia ya kupita kwa kuangalia hayo majibu. Kama inaamua, kwa mfano inarudia mpaka kosa liwe dogo, weka idadi ya marudio mwenyewe.

Halafu kama umepima kila kitu na bado matangazo ya pamoja, `MPI_Bcast` na wenzake, hayalingani na klasta halisi, angalia klasta hiyo inatumia MPI ipi. Algoriti za ndani ni tofauti. `--cfg=smpi/coll-selector:ompi` ni kwa Open MPI, `mpich` ni kwa MPICH.

Nishati inasoma sifuri

Plagini ya kupima nishati haijawashwa au imechelewa kuwashwa, inatakiwa iwe tayari kabla ya platfomu kupakiwa, kwa hiyo salama zaidi iweke kwenye amri, `--cfg=plugin:host_energy`. Halafu angalia jina la sifa kwenye hosti: mafaili ya zamani yana `watt_per_state`, jina la sasa ni `wattage_per_state`, na ndani yake thamani tatu zinazotenganishwa na nukta mbili, wati za hosti ikiwa imekaa tu, wati inapoanza kufanya kazi, na wati viini vyote vikiwa kazini. Na hapa pia anza na hosti moja, mwache akta alale sekunde 100 kwenye hosti ya wati 100 ikiwa imekaa tu, ikitoka jouli 10000 endelea.